Bima Inaishia Getini

Jumamosi ya mwisho wa mwezi, umande haujakauka
juu ya mabati ya Unga Limited,
Ndelilio ananiletea Subaru yake ya buluu
kama mtu anayempeleka mtoto kliniki.
"Ipime, fundi. Leo naitafuta dakika moja na nusu."

Mimi nina daftari. Kalamu nimeifunga kwa uzi
isiondoke na wateja.
Naandika: tairi nne, zimeliwa bega la nje.
Pedi za mbele, zimebaki unene wa kucha.
Oili imeungua, inanuka maharage yaliyosahauliwa jikoni.
Mafuta ya breki, meusi. Yabadilishwe.
Hapo napiga mstari. Napiga na wa pili.

Anasoma, anacheka, anavaa miwani.
"Tairi funga. Pedi funga.
Hayo mafuta mwezi ujao, ada ya Elinsia imenikaba."
Elfu thelathini na tano.
Naitaja bei ili nisije nikasema nimeisahau.

Uwanja uko ng'ambo ya Kisongo, palipokuwa shamba la ngano.
Mwenye laki mbili na gari lenye pumzi anaingia:
daktari wa meno, mchuuzi wa nyanya na Altezza yake,
kijana na Vitz ya mama yake, mama hajui.
Getini unatia sahihi: likitokea la kutokea, ni lako.
Na wakala wa bima, siku ile tulipomuuliza, alisema
"Bima yetu inaishia getini, mzee.
Ukishavuka ile kamba, ni wewe, Mungu wako, na fundi wako."
Tulicheka wote. Na mimi nilicheka.

Sitasema uongo, ni tamu.
Nilipanda siku moja, raundi moja tu.
Mlima Meru ulihamia kushoto, ukarudi kulia,
kifua changu kikabaki nyuma ya kiti,
nikashuka magoti maji,
nikataka tena.

Mafuta ya breki yakichemka huzaa mapovu,
na povu halisukumi kitu.
Unakanyaga, kanyagio linazama hadi sakafuni,
laini,
kama umekanyaga godoro la wageni.

Kona ya tatu alisimama Loishiye, bendera ya njano mkononi.
Kwa siku, elfu kumi na tano na soda.
Huyo hakupitia getini, aliruka ua asubuhi na mapema;
hakuna aliyempa karatasi ya kutia sahihi.

Ndelilio alitoka na vumbi mdomoni
na ufa kwenye kioo cha saa.
Loishiye, mfupa wa paja, vipande viwili.
Bendera tuliivuta chini ya gurudumu,
bado njano.

Wiki ile kila mtu alipiga hesabu.
Ndelilio aliuza kiwanja cha Njiro, akalipa hospitali, akalipa nusu.
Wenye uwanja walisikitika, wakapanga tairi kuukuu kwenye kona.
Mama yake Loishiye alikuja gereji, akakaa juu ya ndoo,
hakunilaumu. Aliuliza tu,
"Hivi, mwanangu, breki ni kitu gani?"
Nikamweleza, taratibu, kwa mikono.
Daftari nilikuwa nimelikalia.

Sasa Loishiye anakuja na gongo lake, saa mbili kamili.
Breki haitolewi upepo na mtu mmoja:
yeye anakaa kwenye usukani na mguu mzima,
mimi niko chini, spana namba kumi, mgongo kwenye boksi.
Jana ilikuwa Subaru ya buluu.
Mwenyewe kasimama mlangoni, miwani mfukoni,
hajasema anaipeleka wapi.
Mafuta mapya, rangi ya asali, nimeyalipia mimi.

"Kanyaga," namwambia.
"Shikilia."
Povu moja linatoka, jingine.
"Limekuwa gumu?"
"Bado, fundi."
"Achia. Kanyaga tena."